Mwanamichezo wa Ridhaa

Katika lugha ya michezo ya nchi hii liko neno ambalo wengi hulitamka bila kulitazama usoni. Ni neno ridhaa. Mwanamichezo asiyelipwa huitwa mwanamichezo wa ridhaa, na ndondi zisizo na malipo huitwa ndondi za ridhaa. Waingereza na Wafaransa, kwa jambo hilohilo, hutumia neno lenye asili ya kupenda: kwao mtu wa namna hiyo ni mpenzi wa mchezo. Sisi hatukuwafuata. Tulichukua neno ambalo aghalabu husikika mbele ya kadhi au padri, bibi arusi anapoulizwa kama amekubali, tukawakabidhi wakimbiaji na mabondia. Kwa maoni yangu uteuzi huo ulikuwa wa busara, japokuwa ilinichukua miaka mingi, na maumivu mengi ya magoti, kufika kwenye maoni hayo.

Mwishoni mwa Septemba 2023, nikiwa na umri wa miaka 54, mwaka mmoja kabla ya umri ambao mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari, niliogelea katika Ziwa Nyasa pale Matema, nikapanda baiskeli hadi Isongole, na usiku wa siku ileile nikaingia Mwanjelwa kwa miguu. Hapakuwa na chama kilichoandaa, wala mwamuzi, wala namba kifuani. Hakuna aliyenituma.

Mchezo huo una jina geni, trayathloni, yaani michezo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja. Mtu huogelea, huendesha baiskeli na hukimbia, kimoja baada ya kingine, bila kulala katikati. Asili yake ni ubishi. Katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, watu walibishana kama aliye na mwili imara zaidi ni mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji, na mwanajeshi mmoja wa majini, John Collins, akatoa rai kwamba mashindano matatu yaliyokuwako kisiwani yaunganishwe yawe moja. Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 walianza: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, na 42 na ushei za kukimbia. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Mwaka 2000, kule Sydney, mchezo huo uliingia katika Olimpiki, ingawa kwa masafa mafupi zaidi.

Waliomaliza siku ile ya kwanza walikuwa 12. Niliposoma habari hizo Haller hakunishughulisha sana. Niliwawaza wale watatu. Niliwaza walirudije nyumbani, na waliwaambia nini wake zao. Ndugu msomaji utaniwia radhi nikikueleza kwa nini fikra zangu zilikimbilia huko.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya nyanda hizi za juu kusini. Usiku wa kuamkia mbio za nyika mwalimu wetu wa michezo alitukusanya bwaloni akatusimulia habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Walimu wengi wa Tanzania wanaijua hadithi hiyo, lakini mwalimu wetu aliisimulia kama mtu aliyekuwako. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico lililoko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji 75 walianza marathoni. Njiani Akhwari alianguka katika msongamano, goti likateguka na bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akavuka mstari. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mwingine aliyemaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Nasikitika kila mara kwamba wasimulizi hukomea hapo. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 kule Edinburgh mtu huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na ajali. Lakini usiku ule bwaloni hatukuambiwa habari za Edinburgh, na hata bila hizo tulikwenda kulala vifua vimetutuna.

Asubuhi yake tulikimbia kilomita 10. Ulikuwa mwezi wa Machi, na mahindi yalikuwa marefu pande zote mbili za njia. Nilipofika mahali ambapo njia ilizunguka kilima, nikiwa nyuma sana na mbavu zikinichoma, nilitazama nyuma, nikatazama mbele, nikaingia katika mahindi. Nililikata shamba lile nikatokea upande wa pili, nikachutama hadi wale wawili waliotangulia walipopita, kisha nikatoka. Nikawa wa tatu. Nilipewa daftari kubwa na kalamu, na jina langu likasomwa mstarini. Mwalimu alinitazama miguu, ambayo ilikuwa na mikwaruzo ya majani ya mahindi, akanitazama usoni, asiseme neno.

Timu ya wilaya ilichukua watatu wa kwanza. Aliyekuwa wa nne alikuwa mvulana mpole wa bweni la pili aliyekimbia pekupeku kwa sababu hakuwa na raba. Alikuja akanishika mkono, akanipongeza kwa dhati. Wiki mbili baadaye, siku ya kwenda wilayani, nikaona haya au hofu, hata leo siwezi kuzitenganisha, nikasingizia kuumwa. Katika viungo vyote vya mwili nilichagua goti. Wakaenda wawili.

Kosa hilo sikumwambia mwalimu, wala wazazi, wala mchumba aliyekuja kuwa mke wangu. Katika maisha yangu nimetunga mashairi mengi, na baadhi yake, yaliyohusu uaminifu kazini, yalipata kusomwa mbele ya wageni wa heshima. Watu walipopiga makofi mimi nilisikia majani makavu yakinikwaruza miguu.

Maandalizi yalichukua miezi 14. Yalianza kwa daktari aliyenipima shinikizo la damu, akakunja uso, akaniamuru nitembee kila siku. Nilitembea. Baada ya miezi mitatu kutembea kukazaa kukimbia, na majirani zangu wa Mwanjelwa, ambao si watu wa kuficha maoni yao, wakaanza kuulizana kama nadaiwa. Baiskeli niliipata ya mtumba, yenye gia, nayo haikunisumbua sana, maana sisi tuliokulia vijijini zamani tumejifunza baiskeli kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo kabla hatujafikia kiti.

Maji ndiyo yaliyonitisha. Mimi ni mtu wa mlimani, na mito niliyoijua utotoni ilikuwa ya kuvuka kwa kukanyaga mawe. Ikanilazimu kushuka Matema kila nilipopata nafasi mwishoni mwa juma, kwa kijana mmoja wa Kikisi, mvuvi. Wakisi ni watu wa maji: wanawake wao hufinyanga vyungu ambavyo huletwa kwa mitumbwi na kuuzwa sokoni Lyulilo siku za Jumamosi, na watoto wao huogelea kabla hawajaotesha meno yote. Somo la kwanza lilikuwa kulala juu ya maji bila kufanya lolote. Wenye kejeli watasema kwamba mtumishi wa serikali hahitaji kufundishwa hilo. Mimi lilinichukua mwezi mzima, kwa kuwa kila mara shingo ilikataa kuamini kwamba maji yataibeba. Kijana aliniwekea kiganja chini ya kisogo kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akisema, "Legea, mzee. Ziwa halina ugomvi na wewe."

Sikuweza kuvitii vipimo vya Hawaii, kwa hiyo niliitii barabara. Nilipanga kuogelea kilomita 2 sambamba na ufuko, mbali na midomo ya mito ambako wenyeji hawaogi kwa ajili ya mamba. Kisha baiskeli kupitia Ipinda, Kikusya na Tukuyu hadi Isongole, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kisha kukimbia kutoka Isongole hadi sokoni Mwanjelwa, kama kilomita 30. Katika daftari niliandika sharti moja tu, kwamba kila hatua niende kwa nguvu zangu mwenyewe. Wenye mchezo wao wanaruhusu mwogeleaji aliyechoka kushika mtumbwi apumzike, mradi mtumbwi usimpeleke mbele, na kusukuma baiskeli kwa miguu mlimani nako hakukatazwi. Ruhusa hizo mbili nilizipokea kwa shukrani.

Siku ilipowadia niliingia majini saa 12:30 asubuhi. Pale Matema jua huchelewa, kwa sababu Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta uliochomoza kutoka ziwani, hivyo maji huwa yamekwisha kupata mwanga huku ufuko ungali kivulini. Bibi mmoja aliyekuwa akiosha sufuria alinisalimu, "Ugonile," akanitazama nikivaa miwani ya kuogelea, asiulize zaidi. Mpwa wangu alikuwa ufukoni na pikipiki yake, na kijana mvuvi alinifuata kwa mtumbwi.

Kilomita ya kwanza ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Halafu msuli wa paja ulijikunja ghafla kama ngumi, nikameza maji, nikaona giza chini yangu. Ziwa lile lina kina cha zaidi ya mita 700 mahali penye kina kikubwa, na ingawa nilipokuwa mimi hapakuwa hapo, mwili hauna habari na ramani. Niliushika mtumbwi kwa mikono miwili nikatetemeka. Nilikaa hivyo kwa muda, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua, mwembe mkubwa wa ufukoni, ambao nilipousimamia mtumbwi ulikuwa mkabala nasi, ulikuwa nyuma yetu.

"Umenisogeza," nikamwambia.

"Kidogo tu, mzee. Ulikuwa unatetemeka."

"Nirudishe."

"Nikurudishe wapi? Maji hayana alama."

"Penye mwembe."

Alicheka, akidhani ni utani. Alipoona sicheki, alisita kwa huruma, akaniuliza bila ubaya wowote nani alikuwa akituona huku. Sikuwa na jibu, na hata kama ningekuwa nalo meno yalikuwa yakigongana. Akageuza kafi, tukarudi, nami nikiwa nimeng'ang'ania ubao kama gome. Zilikuwa hatua kama hamsini tu. Niliuachia mtumbwi mkabala na mwembe, nikaanza tena, na hatua hizo hamsini ndizo nizikumbukazo kuliko zote nilizoogelea maishani. Nilitoka majini saa 1:50. Kijana alinifunika kitenge cha mama yake akasema, "Wazee wa milimani mna mambo."

Habari za baiskeli nitazifupisha, maana mengi yake ni jasho. Kutoka Matema hadi Kikusya ni kilomita 39 za lami, kati ya mashamba ya mpunga na mikakao, na ardhi ni tambarare. Pale nilijiona kijana. Kutoka Kikusya barabara huinua kichwa na haikiinamishi tena kwa muda mrefu. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari na Mwanjelwa kama mita 1,700, na kabla ya kufika Mwanjelwa lazima uupande mgongo wa nchi ulio juu zaidi ya hapo. Mikakao ikaisha, ikaja migomba, ikaja chai. Karibu na Tukuyu nilishuka nikasukuma, na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akanipita, akanipa pole, akazidi kwenda mbele hadi akapotea kwenye kona. Mvua ndogo ya Rungwe, isiyojali majira, ikaninyeshea pande zote. Nilikula ndizi za kuchemsha kando ya barabara, nimesimama, kwa kuogopa kwamba nikikaa sitainuka.

Isongole nilifika saa 10:30 jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mashamba ya viazi hata magunia yaliyopangwa barabarani yalionekana kama watu walioketi. Baridi ilinipenya. Nilikaa juu ya pikipiki ya mpwa wangu ili nibadilishe viatu, vidole vikakataa kufunga kamba, naye akachuchumaa akanifunga kama mtoto. Alipomaliza, aliinuka, akawasha pikipiki.

"Mjomba, twende," alisema. "Mpaka Uyole tu. Hapo utashuka ukimbie mjini, watu wakuone."

Sikushuka mara moja. Wanafunzi mtakaosoma habari hizi lazima mlijue hilo, msije mkadhani mzee huyu aliruka kama shujaa. Nilikaa pale injini ikinipasha joto mapajani, na nikahesabu kwamba mpwa wangu hatasema, ukungu hautasema, na kwamba daftari ni langu na kalamu ni yangu. Nililitafuta jibu la Akhwari, lile nililokwenda nalo kulala mwaka 1986, nikaona halinifai. Yeye alitumwa. Nyuma yake palikuwa na nchi iliyomtazama arudi na taarifa. Asiyetumwa amrudishie nani taarifa? Angeacha, nani angeulizwa?

Ndipo neno lile la ridhaa liliponijia, si kama neno la mashairi, bali kama swali la kadhi. Bibi arusi huulizwa na mtu, na mashahidi husikia. Nami nilikumbuka kwamba niliwahi kuulizwa. Niliulizwa kwenye kona ya kilima, mahindi yakiwa marefu pande mbili, na jibu langu la siku ile mvulana mmoja pekupeku alililipia nafasi yake. Hakuna mwingine aliyeniuliza tangu hapo. Nilikuwa nimekaa miaka 37 nikisubiri niulizwe tena, na aliyeuliza safari hii alikuwa mpwa wangu, kwa mapenzi tu, kwa sababu alikuwa akisikia baridi.

Nilimwomba azime injini.

Kukimbia kwenyewe hakukuwa kukimbia. Nilitembea panapopanda na kujikokota panaposhuka, taa ya pikipiki ikinimulikia kutoka nyuma, na kivuli changu kikinitangulia, kirefu na chenye miguu mibovu. Uyole niliifikia gizani. Barabara kuu ya kuingia jijini wakati huo ilikuwa ikipanuliwa, hivyo kutoka hapo nilivuta vumbi pamoja na moshi wa malori, kupita Nane Nane, kupita Sae, kupita Mama John. Waliokuwa vituoni walinitazama bila mshangao mkubwa. Mbeya ni mji wa njia panda na watu wake wamezoea kuona vioja vikipita.

Soko la Mwanjelwa, lile lililoungua mwaka 2006 na kujengwa upya, lilikuwa limefungwa, lakini nje wachuuzi wa usiku walikuwa na majiko yao. Niligusa ukuta kwa kiganja. Ilikuwa saa 3:45 usiku. Tangu niingie majini zilikuwa zimepita saa 15 na robo. Kijana mmoja aliyekuwa akipepea mkaa akaniuliza, "Mzee, nani anakukimbiza?" Alikuwa akichoma mahindi. Nikanunua mawili, moja la mpwa wangu, tukala tukiwa tumeegemea ukuta ule, na sikuweza kumaliza la kwangu kwa kicheko ambacho mpwa wangu hakukielewa.

Nyumbani mama watoto alikuwa amechemsha maji ya kuoga. Kabla ya kuoga nilifungua daftari nikaandika saa za kila kipande, pamoja na hatua hamsini za mwembe na dakika nilizokaa juu ya pikipiki. Kisha nikamwita, akaketi, nikamsimulia habari za mahindi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na yule mtoto?"

Nikafungua ukurasa mwingine nikaandika upya matokeo ya Machi 1986. Wa kwanza na wa pili niliwaacha walivyokuwa. Nafasi ya tatu niliandika jina la yule mvulana kwa ukamilifu. Hapa silitaji, kwa sababu sijapata ridhaa yake. Mbele ya jina langu niliandika: hakumaliza.

Nimeanza kumtafuta. Mtu mmoja tuliyesoma naye ameniambia kwamba yuko upande wa Sumbawanga, analima, na ana wajukuu. Barua nimeiandika mara tatu. Ya tatu ni fupi kuliko zote, nayo nitaitia posta Jumatatu.